Dakika Kumi za Kumsalimia Baba

Baba yangu hawezi kumaliza salamu kwa chini ya dakika tisa. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu nimempima, saa mkononi, nikiwa nimekaa kwenye baridi ya Ujerumani na bando la dakika kumi.

Nilikwenda kule kwa miezi mitatu kusomea pampu za maji. Ofisi yetu pale Same ilipata nafasi moja, na mimi ndiye niliyekosa kisingizio. Watu hututania sisi Wapare kwa ubahili, na sitapoteza muda kukanusha, maana shughuli yangu ya kwanza Ulaya ilikuwa kuomboleza vocha. Nilikuwa nimeweka kwenye laini ya nyumbani salio la kunitosha wiki mbili. Simu ikawaka uwanja wa ndege, ikanasa mtandao wa wenyewe, ikaanza kusasisha programu zake zote bila kuniuliza, na kabla sijayaona mabegi yangu salio lote lilikuwa limekwisha. Sikuwa nimempigia mtu hata mmoja.

Tangu hapo nikatia akili. Nilinunua laini ya kule kwenye duka la vyakula, si pale uwanjani wanakouzia wageni kwa bei ya kukomoa. Kuisajili kulitaka niongee kwa video na dada mmoja ambaye aliniamuru niinamishe pasi ya kusafiria kushoto, kisha kulia, kisha nipitishe kidole juu ya picha yangu mwenyewe, nami nikatii yote bila kuhoji. Intaneti nikawa naipata bure kwenye maktaba ya mji. Baadaye niligundua kwamba hata maktaba ikifungwa, waifai yake inafika nje hadi benchi la tatu kutoka mlangoni. Benchi la nne hupati kitu. La tatu likawa ofisi yangu.

Dada yangu, anayeuza vitenge sokoni Same, hakuwa na tabu. Ana simu kubwa, tukawa tunaongea kwa intaneti mpaka tunachokana. Tabu ilikuwa baba. Baba anaishi juu milimani, analima tangawizi, na simu yake ni kitochi, simu ndogo ya vitufe inayomsomea namba kwa sauti. Kitochi hakina habari na intaneti. Kumpata ilibidi nipakue programu fulani inayopiga simu za kawaida kwa bei ya chini, unanunua dakika kumi kumi, na zikiisha inakata bila adabu yoyote.

Mwezi wa pili ikawa lazima nimpate. Baba alikuwa na mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. La kushoto lilikuwa linaona mwanga tu, la kulia linaona vivuli. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Same wiki iliyofuata, wapasue kwa siku tatu, halafu hawarudi mpaka mwaka mwingine. Majina yangefungwa Ijumaa, na baba alikuwa amekataa kuandikishwa.

“Amesema hakuna atakayegusa jicho lake kabla hajaongea na wewe,” dada aliniambia. “Ongea naye, kaka. Mwakani nitasimama mbele yake asijue ni mimi au ni mgomba.”

Jumatatu nikapiga. Kwetu mtu hasalimiwi peke yake, anasalimiwa na wote waliomzunguka. Baba aliuliza nilivyoamka na nilivyoshinda, akaenda kwa walimu wangu, akapita kwa wenzangu wa darasani, akafika kwa mama mwenye nyumba niliyopanga. Akataka kujua mifugo ya yule mama inaendeleaje. Nikamwambia ana paka mmoja.

“Huyo paka mzima?”

“Mzima, baba.”

“Anakula?”

Anakula. Kisha ikawa zamu yangu kuuliza: yeye mwenyewe, shangazi, majirani wa juu, majirani wa chini, ng’ombe, tangawizi, mvua. Dakika ya kumi ilipoanza baba akavuta pumzi, akasema, “Haya, mwanangu. Sasa kuhusu hili jicho, shida yangu mimi ni moja tu.” Simu ikakatika.

Mtu mwingine angenunua bando jingine palepale. Mimi nilikwenda kulala, nikiwaza hiyo shida moja ni ipi na kwa nini haikutangulia paka.

Jumanne nikaamua kuruka salamu. Najua, usinitazame hivyo. Nilikuwa na dakika kumi na nilitaka zote ziende kwenye jicho. Halafu mimi nikiwa na haraka Kipare kinanipotea, nageukia Kiswahili cha ofisini. Nikarusha shikamoo moja ya mbio, nikaendelea bila kungoja marahaba: “Baba, ni mimi, suala ni la hospitali, mwisho ni Ijumaa, wewe sema ndiyo tu, mengine nitashughulikia.”

Baba akauliza, “Wewe nani?”

“Mwanao.”

“Mwanangu gani huyo asiyeuliza hata ng’ombe?” Akakata.

Tulikuwa tumetumia sekunde arobaini. Sijawahi kubakiwa na dakika nyingi hivyo, na wa kuongea naye hayupo. Nikapiga tena mara nne, hakupokea.

Jioni dada alinipigia akicheka mpaka anakohoa. Baba alikuwa amewazungukia majirani kuwaonya kwamba kuna tapeli mwenye namba ndefu ya ajabu. Amemwigiza mwanawe vizuri kabisa, sauti ileile, kasoro adabu. Walimwuliza kama namba si ileile ya Jumatatu, akasema ndiyo, lakini wa Jumatatu alisalimia. Yule ni mwanawe. Huyu wa Jumanne anaanza na hospitali, mwisho ataomba namba ya siri. Majirani wakamsifu kwa kuwa macho. Aliapa hapokei tena namba hiyo.

Hasira nilizopata siwezi kuzieleza. Nilimkasirikia baba, nikaikasirikia programu, nikamkasirikia hata yule paka, ambaye alikuwa amelala juu ya mto wangu. Ila chini ya hasira kulikuwa na hofu. Zilibaki siku tatu, na mzee alikuwa anaelekea gizani kwa sababu sikuuliza habari za ng’ombe.

Jumatano ndipo nilipojiona mjanja. Kama salamu ndizo zinazomaliza dakika, basi zitangulie. Nilikaa kwenye benchi nikarekodi ujumbe wa sauti wa salamu tupu, kwa Kipare, bila kusahau mtu. Baada ya kila swali niliacha nafasi ili baba ajibu, kisha nikaitikia. Watu walikuwa wanapita wananiona nauliza kitu, nanyamaza, natikisa kichwa, nashukuru. Dada akaupokea ujumbe Same, akafunga meza yake mapema, akapanda bodaboda hadi kwa baba. Mpango ulikuwa amsikilizishe usiku huo, na kesho yake nipige nikiwa nimeshamaliza kusalimia, niingie kwenye jicho moja kwa moja.

Alhamisi mchana dada ndiye aliyepiga. Alikuwa ukingoni nyuma ya kanisa, mahali pekee kule juu panaponasa intaneti.

“Kaka, umeharibu.”

“Hajajibu?”

“Amejibu yote. Ulipouliza ng’ombe akakueleza kwamba yule mweusi ameteleza bondeni, amevunjika mguu. Wewe ukamwambia, ‘Nimefurahi sana kusikia hivyo.’”

Nikauliza ni mguu upi.

“Sasa anaamini ni wewe,” dada akaendelea. “Anasema ni afadhali angekuwa tapeli. Yuko hapa. Nimemshika mkono toka nyumbani, na amejikwaa mara mbili kwenye njia ambayo ameipita miaka yote. Ongea naye. Bando langu linatosha.”

Nilianza na mguu wa ng’ombe. Niliomba radhi, nikauliza alitelezaje, nani alimvuta, amefungwa nini. Kisha tukasalimiana upya, taratibu, kaya kwa kaya, na kwa mara ya kwanza sikutazama saa. Manyunyu yalianza kunidondokea lakini benchi lenye kibanda lilikuwa la nne. Tulipomaliza, baba akarudi pale alipokatishwa Jumatatu.

“Shida yangu ni moja,” alisema. “Naogopa. Hivi vivuli nimeshavizoea. Wakiviharibu sibaki na kitu.”

Baba yangu hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa kitu chochote, hata mwaka ule tulipomzika mama. Nikamwambia na mimi naogopa, na ilikuwa kweli.

“Na wewe unanikatisha salamu,” akasema, bila ukali. “Zamani ukiingia mlangoni nilikuwa nakutazama tu, najua umekula au hujala, umegombana na mtu au una amani. Siku hizi nisipouliza nitajuaje?”

Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima. Nilikuwa namhesabia dakika mzee aliyekuwa ananipapasa uso kwa maswali. Nikamwambia, “Baba, nataka unitazame tena.”

Hakunijibu mimi. Nilimsikia akimwambia dada, “Niandikishe,” kisha akarudi kwenye simu kuniuliza kama mvua ya kule inafaa kwa tangawizi.

Walimpasua jicho la kulia Jumanne. Jumatano walifungua bandeji, na dada akanipigia kwa video kutoka Same. Nilikuwa nimeshafika kwenye benchi nusu saa kabla. Alimwekea baba simu mbele ya uso. Nikasema shikamoo.

Hakuitikia. Nikadhani mtandao umeganda, nikaanza kuitikisa simu.

“Tulia,” baba alisema.

Alikuwa ameisogelea simu mpaka nikawa naona jicho moja tu, jekundu kidogo, linatembea kutoka kwenye paji langu hadi kidevuni na kurudi. Hakuuliza habari za mtu yeyote.

“Hulali wewe,” alisema. “Na umekonda.”

Katika kila simu niliyompigia toka nifike nilikuwa nimemjibu mzima, nzuri, salama. Niligeuza simu ikaelekea kwenye ukuta wa maktaba ili nipate kufuta macho.

“Rudi hapa,” baba alisema. “Bado sijamaliza.”