Omena Kwenye Sakafu ya Ochieng'

Msinicheke kabla sijamaliza, kwa sababu kosa si langu peke yangu. Mwanangu Ochieng' hujenga nyumba za udongo za kisasa. Alinijengea moja hapa Usenge, akapitisha mabomba ya maji chini ya sakafu na kuweka mtambo wa jua juu ya paa. "Mama, sakafu yako itakuwa na joto hata mvua ikinyesha," akasema, kisha huyo, akarudi zake Kisumu. Joto la nini? Hakusema!

Sasa niambieni, mwanamke anayeuza omena, dagaa hawa wa ziwani, afikirie nini? Mvua ilikuwa imetuozeshea omena tuliowaanika ufuoni wiki nzima. Nikasema kweli nimezaa mtu mwenye akili. Nikafagia, nikamwaga omena kutoka mlangoni hadi kitandani, kisha nikawatambia majirani: "Nyinyi bado mnangoja jua? Langu liko chini!"

Jumamosi Ochieng' akaja na wageni wa Milimani, mtaa wa matajiri kule Kisumu, mume na mke waliotaka awajengee nyumba kama hiyo. Akafungua mlango kwa maringo. Harufu ikawasalimu kabla yangu. Yule mke akaziba pua, akarudi nyuma.

"Yawa, Mama! Umefanya nini?"

"Si ndiyo kazi ya sakafu yako?"

"Mama, niliipasha joto kwa ajili ya magoti yako! Si kila mvua unalia yanauma?"

Nami nilikuwa nimekaa kitandani, magoti nimeyakunja hadi kidevuni, nisikanyage omena.