Faili la Mwisho la Mengineyo

Kila asubuhi Bi Namba alisimama dirishani na kikombe chake cha chai, akawagawia majirani namba zao. Fundi seremala akipita anachechemea, alisema kimoyomoyo, "Mia saba kumi na tano." Mke wa mwenye duka akikohoa, "Mia nne sitini na sita, na anazidi." Hakuwa na ubaya na mtu. Kazi tu ilikuwa imemwingia damuni. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali, akisoma ugonjwa alioandika daktari na kuugeuza kuwa namba, na namba zote zilikuwa kichwani mwake kama majina ya wanawe.

Sasa, daktari na mwandiko ni paka na panya. Karatasi nyingine zilikuja kama kuku kakanyaga wino kisha akafukuzwa. Mwanzoni Bi Namba alikuwa anarudi kuuliza. Akaambiwa, "Kwani wewe hujui kusoma?" Mtu akiambiwa hivyo mara mbili, ya tatu harudi. Basi yeye na wenzake wakajitafutia dawa: mwandiko ukiwashinda, wanaandika 999, yaani Mengineyo. Ikawa ndiyo desturi ya chumba kile. Ukianza kazi unaonyeshwa choo kilipo, halafu unaonyeshwa Mengineyo.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka hospitali ikaambiwa ihamie kwenye namba mpya. Akaletwa kijana mtaalamu, suruali imenyooka, kompyuta kwapani. Aliwakusanya watu wote kwenye ukumbi wa kulia chakula akawaeleza kwamba namba za zamani zilikuwa elfu chache, hizi mpya ni elfu sabini. Ipo namba ya kudonolewa na kuku mara ya kwanza, na ipo ya kudonolewa na kuku yule yule mara ya pili.

"Na akiwa kuku mwingine?" akauliza muuguzi mkuu.

"Hapo unaanza upya, mama," mtaalamu akajibu, wala hakucheka.

Elfu sabini zote hizo, Mengineyo haikuwemo. Na mfumo mpya wa kompyuta haufunguki mpaka kila faili la zamani lipate ugonjwa wake. Mafaili ya Mengineyo yakahesabiwa, yakawa elfu tatu mia moja kumi na mawili.

Moja lilikuwa la mama yake Bi Namba.

Mama yule aliletwa hospitalini asubuhi, adhuhuri akawa hayupo duniani. Bi Namba alikuwa na mwaka wa pili kazini. Daktari aliandika mstari mmoja, wiki ile ile akahamishwa, hakuonekana tena. Bi Namba aliigeuza karatasi juu chini, akaipeleka dirishani, akaisogeza puani. Haikusomeka. Kwa mkono wake mwenyewe akaandika 999. Baadaye wajomba walisema amelogwa, majirani wakasema presha, yeye akasema, "Hatujui." Neno hilo lilimuuma, lakini lilikuwa la kweli, na alikuwa amelizoea. Kumwandikia mama yake uongo hakuweza. Kwa hiyo alilichukua faili lile akalisukuma chini kabisa ya rundo.

Mkuu wa hospitali akaamuru wagonjwa wote wa Mengineyo waitwe, wenyewe au ndugu zao, waje waseme waliumwa nini. Walijaa mpaka kwenye ngazi.

"Baba, miaka tisa iliyopita uliumwa nini?" Bi Namba alimuuliza mzee mmoja.

"Binti yangu, nilikuja hapa niambiwe mimi. Leo unaniuliza?"

Mwanamke mmoja aliomba aonyeshwe orodha, akaipitisha kidole kama anachagua kitenge. "Hili la kung'atwa na mbuni limekaa vizuri. Niandikie hilo."

"Umewahi kumwona mbuni, dada?"

"Sijawahi. Lakini tumbo la kuhara kila mtu analo!"

Ndugu wawili nusura washikane mashati kwa jongo moja. "Mimi ndiye mkubwa, jongo ni langu!" Akaja pia mtu aliyeapa kwamba hakuwahi kuumwa, siku ile alifuata mwavuli aliousahau, mtu akamshika mkono akamlaza. Mtaalamu alipekua nusu saa, uso ukamng'aa. "Ipo! Kukutana na mwavuli, bila jeraha."

Idadi iliandikwa ukutani, ikawa inashuka. Mia tisa. Mia mbili. Arobaini. Mkuu akamwalika mgeni rasmi aje kubonyeza kitufe cha kuufungua mfumo, na kompyuta ikafungwa utepe mwekundu siku tatu kabla, mtu asiuguse. Bi Namba akawa anaandika kwa kuingiza vidole chini ya utepe, kama anayeiba mboga chini ya kawa.

Siku ya mgeni, saa nne asubuhi, ukutani pakabaki moja.

"Mama, malizia," mtaalamu alisema kwa upole.

"Andika haijulikani."

"Faili kama hili mfumo haulipokei bila ugonjwa, mama."

"Basi mfumo wenu haumpokei mama yangu."

Mkuu aliingia akivuta tai. "Bi Namba, mgeni yuko njiani! Chagua chochote. Marehemu hatakuja kulalamika."

"Mimi nipo."

"Ala! Elfu tatu wamepata, wewe ndiye wa kutuangusha?"

Bi Namba alilikumbatia faili, akasimama kando ya kabati. Mkuu akaona mkaidi huyu apigiwe kura. Akawaita wauguzi, mfamasia, mpishi, na dereva wa gari la wagonjwa, humo humo chumbani.

"Wanaosema moyo, nyoosheni mikono. Sita. Wanaosema figo? Watano. Dereva, wewe vipi?"

"Mimi simjui huyo mama, mkuu."

"Nani anamjua? Nyoosha mkono!"

Dereva akanyoosha kidogo, usawa wa sikio.

"Moyo saba. Umepita."

Watu wakapiga makofi, si kwa ubaya. Walikuwa wamechoka, na nje soda zilikuwa zinapoa kwenye barafu. Bi Namba aliwatazama mmoja mmoja. Hawa aliwahi kuwabebea watoto wao. Akaona wanafurahi kweli kwamba mama yake amekufa kwa moyo.

"Haya, lete hilo faili tuandike," mkuu alisema, mkono mbele.

Bi Namba alivua miwani ya kusomea akaiweka mezani. Akaliweka faili kwapani, akajitanda khanga vizuri juu yake, akapita katikati yao. Walimpisha wakidhani anakwenda kulia uani.

"Bi Namba! Unakwenda wapi? Mgeni huyo anaingia!"

Kweli gari la mgeni lilikuwa langoni. Bi Namba alilipisha, kwa adabu, mgeni akampungia mkono. Naye akampungia. Kisha akavuka barabara, akashika kivuli cha ukuta wa shule, akaenda zake hatua za kawaida, na hospitalini hakuonekana tena, yeye wala lile faili.