Bhavna na Ujumbe wa Geita

Mwaka 1999 Bhavna alikuwa na miaka thelathini na mmoja, akifundisha kompyuta katika chumba kilichokuwa stoo ya vitenge vya mama yake, Taramati, mjini Shinyanga. Kompyuta moja hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuigusa. Hiyo ilikuwa seva ya maongezi, yaani kompyuta ya kupitishia mazungumzo ya maandishi. Wauguzi wa zahanati moja ya Geita waliiunganisha na kompyuta yao kwa laini ya simu, wakaandikiana na Bhavna, naye akawatafutia dawa madukani.

Ilikuwa na kasoro moja: kama hukuwepo, ujumbe ulioandikiwa ulipotea. Siku moja muuguzi Scolastika aliomba dawa ya sumu ya nyoka wakati Bhavna yuko msibani Tinde. Laini ya simu ilikuwa moja tu, nayo imeshikwa na seva, hivyo simu ya kawaida haikuweza kuingia. Mchimbaji aliyeumwa akaishia kukatwa mguu.

"Dada, niliandika mara tatu," Scolastika alimwambia alipokuja Shinyanga wiki iliyofuata. "Nilidhani umeona."

Bhavna alishindwa kumtazama usoni.

Kaka yake alikuwa amemtumia sidii yenye moduli, yaani kipande cha programu cha kuongezea, cha kutunza ujumbe mpaka mwenyewe arudi. Lakini ilikuwa maandishi matupu. Lazima ikompailiwe, igeuzwe iwe lugha ya mashine. Mara ya kwanza iligoma, faili moja halionekani. Alipolipata, moduli ikakubali, ila alipoiwasha, seva nzima ikazimika. Akarudia siku nne.

"Beti, mwanangu, acha sasa," Taramati alisema. "Waandikie barua."

"Nyoka hangoji barua, mama."

Siku ya tano alisoma maelezo mstari kwa mstari, akagundua kwamba moduli ilitengenezwa kwa programu ya seva mpya kuliko yake. Ilibidi aiondoe programu hiyo ya zamani na kukompaili mpya, pamoja na moduli. Aliwaarifu Geita watumie simu ya kawaida kwa siku mbili. Kazi ikiwa nusu, umeme ukakatika. Uliporudi alianza upya, bila kulalamika.

Kesho yake, seva ikiwa tayari, alijiondoa, akamwacha Scolastika aandike kutoka Geita. Baada ya saa nzima akaingia tena. Ujumbe ukatokea:

"Dada Bhavna, haya ni majaribio. Ila kweli tumeishiwa glavu."

Bhavna alicheka mpaka machozi, akachukua mkoba akaenda kuzitafuta.