Mbolea ya Ruzuku na Shamba Linalotembea

Nilipokuwa mdogo niliwahi kuona paa linatembea. Msicheke. Kwetu huku Goweko, zamani, mtu akihama hapo karibu hakuezeka upya. Wanaume waliingia ndani ya nyumba ya msonge, wakalinyanyua paa la zamani kwa mikono na vichwa, wakaenda nalo. Wewe mtoto uliyesimama pembeni huoni watu. Unaona nyasi tu, na miguu mingi chini yake, na humo ndani ya nyasi watu wanaimba. Mbwa wetu alilibwekea mpaka sauti ikamkauka. Mama alifuata nyuma na chungu cha uji wa wabebaji, ulezi ule wenyewe, siyo huu unga wa dukani ambao mimi unanipa kiungulia. Lakini kiungulia tukiache.

Miguu ya mbele kabisa ilikuwa ya baba wa shemeji yangu. Huyu shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu, na ukoo wao wote hawatulii. Babu yao alibeba mizigo mpaka pwani kwenye ile njia ya misafara, na nafikiri aliporudi alisahau kuiambia miguu kwamba kazi imekwisha.

Ardhi ikichoka, shemeji aliiacha ilale, akafyeka nyingine mbele. Zamani tulilima ubavu kwa ubavu, yeye anaanzisha wimbo, mimi naitikia, hakuna anayetaka kuachwa nyuma kwenye tuta. Vijana sasa wanalima simu ikiwaimbia. Basi, alipofiwa na mkewe akaanza kusema kuna pori zuri upande wa Sikonge. Mimi nilijua akienda huko sina tena wa kuimba naye.

Ndipo ikaja mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali inakulipia sehemu ya bei. Nikamwambia, "Shemeji, dawa imepatikana. Udongo ukinona, pori la nini?" Nilimsumbua mpaka akakubali kuandikishwa.

Bibi shamba, yule afisa wa kilimo, alikuja na pikipiki, binti mdogo, mpole, akatuamkia vizuri.

"Babu, shamba lako liko wapi?"

"Mwaka gani?" shemeji akamuuliza.

Binti akanitazama mimi. "Mwaka huu, babu."

"Mwaka huu liko hapa. Linatembea, mama."

"Mwandike hapa hapa," nikadakia. "Hatembei tena huyu."

"Nani kakwambia? Dada yangu alikuachia usemaji wa ukoo?"

Tukacheka wote, ila kicheko changu kilikuwa kifupi.

Ujumbe wenye namba yake ya kuchukulia mbolea uliingia kwenye simu yangu, maana yeye simu haitaki. Mvua zilipokaribia tukaenda naye kwa wakala wa mbolea, tukaufunga mfuko kwenye baiskeli kwa mpira, tukarudi tunasukuma. Njiani akaunusa.

"Unanuka mkojo."

"Ndiyo nguvu yenyewe hiyo."

"Shemeji, mtu amechoka, wewe unampa kahawa. Kwa nini usimpe kitanda?"

Nilianzisha ule wimbo wetu wa kulimia, mimi ambaye siku zote ni mwitikiaji. Akaitikia vizuri kabisa, na moyoni nikasema, haya, amebaki.

Tulipofika ukingoni mwa shamba lake akaniambia, "Shika baiskeli kidogo." Akachukua jembe lake lililokuwa limeegemezwa kwenye kisiki, akaliweka begani. Nikadhani anakwenda kuangalia wapi tuanzie. Akayavuka matuta ya mwaka jana, akakipita kichaka cha mwisho kuelekea upande wa Sikonge, bado anaimba, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha. Mimi niliitikia nikiwa nimekamata usukani, mfuko unanivutia upande. Sauti yake ikapotea porini, nami nikaendelea kuitikia kidogo. Hakurudi.