Kobe Juu ya Kigoda cha Mkwe

Sisi tuliokulia Ukambani kabla simu haijaingia kila mfuko, tulijua joto la chuma kwa kutazama rangi yake. Baba alichonga vigoda na kuvitia nakshi kwa moto. Alizika vyuma vyembamba kwenye makaa, akavichomoa vikiwa vyekundu, akachora mistari na maua juu ya mti. Moshi wa mti ulinukia vizuri. Ule wa mishipi ya ngozi, aliyoitia nakshi pia, ulinuka kama nywele zilizoungua, nasi tuliupenda vilevile. Viazi vitamu tulivichoma kwenye makaa hayohayo, tukavila na majivu yake.

Nilipokuwa darasa la sita, dada yangu Mwende alichumbiwa. Baba akachonga kigoda cha kumkalisha baba mkwe wake. Alipotoka kwenda kuwaalika wazee, nikaona nimsaidie kukimalizia. Nilichukua chuma kilichoiva kupita kiasi, nikakibandika katikati. Likabaki baka jeusi, pana kama kiganja. Wageni walikuwa wanakuja kesho yake.

Sikukimbia. Nilimngoja mlangoni, nikamwambia ni mimi. Alikitazama kigoda, kisha akanipa chuma.

"Moto haufutiki, mama," aliniambia. "Ulichokianza, kimalize."

Akaniongoza kwa maneno tu, mikono kaiweka nyuma. Nikalitia lile baka miguu minne, kichwa na mkia, likawa kobe. Kesho yake yule baba mkwe alikigeuzageuza kigoda, akauliza fundi ni nani.

"Ni huyu binti yangu," baba akajibu.

Wiki nzima nilitembea kijijini kama chifu.

Leo mimi ni muuguzi Doha. Ijumaa, nyumbani kwangu Al Rayyan, natia nakshi mikoba ya ngozi kwa kalamu ya umeme, na wauguzi wadogo huja kujifunza. Juzi Faith, msichana wa kwetu Kenya, kalamu ilimteleza mkononi, akaniuliza kwa heshima, "Auntie, ya kufuta iko wapi?" Nilicheka hadi nikakaa chini. Hawa wamezoea kufuta kila kitu kwa kidole.

Vifaa vya leo ni bora, sibishi. Kalamu hupata moto kwa dakika moja. Chuma cha baba kilichelewa, na katika kukingoja, tumechuchumaa kando yake, ndipo alipotusimulia mababu zetu walikuwa nani. Faith akingoja kalamu, hushika simu. Kwa hiyo siku hizi nachelewa makusudi kuichomeka kwenye umeme. Kwanza namuuliza habari za kwao.