Homa ya Kaka Lazaro

Siku ya mwisho nyumbani Igowole, kabla ya kwenda jeshini, kaka yangu Lazaro na mimi tulikuwa uani tukipukuchua mahindi. Jirani akapita njiani.

"Kamwene! Mjomba wenu bado yuko migodini tu? Akirudi na dhahabu yote hiyo si atatununua sote?"

Mama alicheka naye. Jirani alipotoweka, mama alichukua sahani ya ugali akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda tulichomfungia mjomba mwaka wa sita sasa. Mjomba alikuwa akisikia watu wasiokuwepo. Kaka alikuwa amechumbia msichana wa Tosamaganga, na wakwe walikuwa wanauliza-uliza habari za ukoo wetu.

"Hili lisitoke hapa," mama alituambia. "Hata huko mwendako."

Nami sikutaka litoke. Nilikuwa nimefika umri wa kuoa.

Jeshi la Mwingereza lilitupeleka Kenya, kwenye msitu wa Aberdare, kuwasaka Waafrika wenzetu. Hilo nalo sikulihoji. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari, niliwekwa kuwa mkalimani wa daktari. Kaka alikuwa wa doria. Baada ya miezi minne akawa hapati usingizi. Anakaa amesimama, kichwa upande mmoja, kama mtu anayeitwa.

Asubuhi moja aliletwa hemani. Akaniambia kwa Kihehe, haraka haraka:

"Mdogo wangu, kuna watu ndani ya mvua. Wananiita kwa jina. Mwambie asinirudishe huko."

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Ana homa, Bwana."

Daktari aliweka kalamu chini. "Maneno yote hayo, homa tu?"

"Homa tu, Bwana."

Kaka hakujua Kiingereza. Alipoona vidonge, alielewa. Alivipokea kwa mikono miwili, akaniangalia, akatoka.

Siku ya tatu doria ya kaka ilihitaji mkalimani. Nikaenda nao.

Tulilala kifudifudi kwenye mianzi, tukivizia.

Mvua ikaanza.

Kaka akasimama. "Nakuja!" alijibu, kwa Kihehe.

Nilimshika mkanda. Ukaniponyoka.

Risasi mbili.

Niliporudi Igowole, mama alinivuta jikoni kabla waombolezaji hawajaingia.

"Alikuwa na akili zake?"

"Ndiyo, mama. Mpaka mwisho."

Alishusha pumzi, akatoka kupokea pole. Mjomba naye alipofariki, tulisema mwili umeletwa na lori kutoka migodini kusini. Watu wakaja, wakalia, wakala.

Nilioa vizuri. Hakuna aliyewahi kuuliza lolote juu ya ukoo wetu. Mpaka leo mvua ikinyesha siwezi kukaa kwenye kiti. Nazunguka uani, wajukuu wananiita ndani, sisikii.

Vita ina lawama zake, na waliotutuma wana za kwao. Lakini daktari yule aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya pili nilikuwa nimeshapata muda wa kufikiri.