Raili, mwanamke aliyevua viatu mbele ya bastola ya umeme

Saa tatu asubuhi, jikoni kwa Doreen Bouchard mjini Port Halden, kando ya Ziwa Superior, mwanawe Clayton amejibanza karibu na friji, kisu cha mkate mkononi. Mbele yake wamesimama askari wawili. Mmoja, Konstebo Tessier, amemwelekezea bastola ya umeme kifuani.

"Tupa kisu!"

"Tokeni! Viatu! Viatu!" Clayton anapiga kelele.

"Anaweweseka huyu," ananong'ona askari wa pili.

Mlangoni anatokea Raili Maki, mhudumu wa gari la msaada kwa wagonjwa wa akili. Doreen ndiye aliyemwita. Polisi waliitwa na jirani. Raili hana silaha wala sare. Anatazama sakafu iliyojaa tope la theluji, kisha anainama na kuvua mabuti. Soksi yake moja imetoboka kidoleni.

Kila aliyelelewa kule anajua kwamba huingii nyumbani kwa mtu na viatu. Askari nao huvua majumbani kwao, ila kazini kanuni haziwaruhusu. Na Clayton hupiga deki sakafu hiyo kila asubuhi kwa ajili ya mama yake, mwenye nyonga mbovu. Ndiyo kazi pekee ambayo maradhi hayajamnyang'anya.

"Clayton, mdogo wangu, tumekuchafulia. Tusamehe," anasema Raili. "Afande, vua viatu."

"Mama, unatania?" anauliza Tessier.

"Sitanii. Vua."

Doreen, aliyekuwa akitazama kutoka sebuleni, anakumbuka alivyong'ang'ania meza. Miaka miwili iliyopita mwanawe alipigwa na polisi kwa bastola kama hiyo kwenye kituo cha basi, moyo ukasimama, akazinduliwa hospitalini. Daktari alimwambia waziwazi kwamba safari ya pili huenda asiamke.

"Nilijua wakifyatua tu, namzika," anasema.

Tessier anamtazama Raili, anamtazama kijana. Kisha anairudisha bastola kwenye ala yake, anapiga goti na kuanza kufungua kamba. Jibaba zima lenye fulana ya kuzuia risasi linahangaika na kamba zilizoganda barafu.

Clayton anakiweka kisu kwenye sinki, taratibu.

"Kitambaa cha deki kiko wapi?" anauliza Raili.

"Acha, nitapiga mwenyewe. Nyinyi hamjui kukamua."

Raili ana miaka hamsini na minane. Kabla ya kazi hii alikuwa msusi. "Mteja anakupa kichwa chake na wewe umeshika mkasi," anasema. "Ukimwendea kwa pupa anashtuka. Mpaka leo naenda polepole hivyohivyo."

Wanaume wenye ngao na kofia ngumu husita kwenye mlango kama ule. Yeye aliingia na soksi iliyotoboka. Ukimwona akichovya andazi kwenye kahawa na kulalamikia magoti yake, huamini kabisa kwamba ni mtu huyohuyo, na unabaki kumwangalia tu.

Tessier hafichi kitu. "Kidole kilikuwa kimeshakaza kwenye kifyatulio," anasema. "Yule mama kaniokoa na mimi."

Lakini gari la Raili hutoka siku za kazi tu, mwisho saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo, ukipiga simu wanakuja polisi. Sasa anapigania gari la usiku, na baraza la mji litaamua baridi ikiisha.

Siku ileile, sakafu ikiwa bado mbichi, Doreen alimmiminia Raili kahawa na kumuuliza, "Akizidiwa usiku, utakuja?"

"Siwezi kukudanganya, mwenzangu. Kwa sasa, hapana."

Doreen alimtazama mwanawe akining'iniza kitambaa. "Basi itabidi nimwombe awe anaugua mchana."

Raili hakucheka. "Nivumilieni barafu iyeyuke," alisema. "Hilo gari nitalipata."